Kupanda Kilima na Mbwa: Fasihi Yetu Inaona Nini?

Mwaka 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze, na humo mbwa wawili wakapotea bila mtu kuwatafuta. Wengi wetu kitabu hicho tulikutana nacho shuleni. Adili, mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai, ana manyani wawili anaowachapa kila usiku kwa amri ya jini, huku moyo ukimuuma, maana manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa ubaya waliomtendea. Mzizi wa kisa uko katika Alfu Lela Ulela. Kule mtawala anaitwa Abdullah, mji ni Basra, naye ana ndugu wawili waliogeuzwa wanyama, naye huwachapa usiku kwa amri ya jini. Tofauti ni kwamba wale wa Basra ni mbwa.

Sasa mbona Shaaban aliwabadilisha? Unaweza kusema pwani mbwa ni najisi, na kumweka mezani na mtawala mwema kungemchefua msomaji wa Tanga. Unaweza kusema nyani anafanana na mtu, kwa hiyo ndugu aliyegeuzwa nyani anabaki na kivuli cha utu wake. Mimi nakubali yote mawili. Ila ukikisoma kitabu hicho huku Mzinga, chini ya Uluguru, unaliona jambo la tatu. Huku nyani ndiye mwizi wa mahindi, na mbwa ndiye anayemfukuza. Kwa mkulima wa mlimani, kumtoa mbwa na kumweka nyani ni kumtoa mlinzi na kuweka mwizi mahali pake. Adhabu ileile, viboko vilevile, lakini huruma ya msomaji haitoki tena mahali pamoja.

Nimeanza na kitabu hiki kwa sababu swali langu ni dogo, na nataka liwe na mzizi. Je, katika Kiswahili mtu anaweza kuandika kwamba alipanda kilima na mbwa wake, akakaa juu kidogo, akashuka, na hiyo ikawa insha kamili? Waingereza wanaziandika kila siku. Waskoti hasa wana aina yao: kilima kidogo, mvua ya manyunyu, mbwa anatangulia, mwandishi anafikiri. Arthur's Seat, kilima maarufu cha Edinburgh, kina mita 251 tu kutoka usawa wa bahari. Sisi Morogoro tukiwa sebuleni tumeshakipita, na Lupanga unaotutazama mjini unapita mita 2,100. Kwa hiyo vilima si tatizo. Mbwa nao tunao. Kinachokosekana ni nini?

Tuanze na safari zenyewe. Msafiri wa fasihi yetu ana sababu ya kwenda. Wajumbe wa Kusadikika wanatumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi, halafu anaadhibiwa. Katika Shida ya Ndyanao Balisidya, riwaya ya mwaka 1975, vijana wanaondoka kijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na njia inawafundisha. Hata tenzi za zamani, mtu akitoka nyumbani anakwenda vitani, au anakwenda kuhiji, au anamkimbia mfalme. Ni nadra sana mtu kutoka tu. Ukisema "natembea tu," msomaji anakaa anasubiri: haya, halafu?

Kilima nacho kina hali yake. Methali inasema milima haikutani lakini binadamu hukutana, yaani mlima ni kitu kilichokaa, sisi ndo tunaokwenda. Lakini kwa Mluguru mlima haujakaa. Unalimwa, unaporomoka, unatoa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru, eti kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikatokea Matombo, damu ikamwagika, na mpango ukafa. Mtu ambaye babu yake alipanda kilima kwa kusimamiwa hawezi kuambiwa kirahisi kwamba kupanda kilima ni burudani. Kwa hiyo nikisema fasihi yetu haina matembezi ya kilimani, silaumu. Kuna historia ndani ya hiyo kimya.

Na mbwa? Kwenye lugha hali yake ni mbaya. Mtu akikuita mbwa, ugomvi umeanza. Methali zinamtaja, ila zinamtumia kutusemea sisi: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, maana yake tazama tajiri wake, mbwa hafi maji akiona ufuko, maana yake usikate tamaa. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, yanataka chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Na tusisahau kichaa cha mbwa. Hofu ya mtoto wa Kitanzania kwa mbwa asiyemjua si ushirikina, ni akili. Mtu akiumwa anakimbizwa hospitali kwa chanjo, na asipowahi anaweza kufa.

Lakini hapa ndipo napenda wapenzi wa fasihi tusimame kidogo, kwa sababu dini hizohizo mbili zilizoujaza mkoa huu zina mbwa wanaotembea. Waislamu wana watu wa pangoni, katika sura ya Al-Kahf: vijana walioikimbia dhuluma wakalala pangoni miaka mingi, na mbwa wao amejinyoosha mlangoni, miguu ya mbele mbele. Watu wanabishana vijana walikuwa wangapi, watatu, watano au saba, na katika kila hesabu mbwa anahesabiwa. Wakatoliki wana Kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anaondoka kwenda mbali na malaika ambaye hajui kuwa ni malaika, na mbwa anawafuata. Wanaporudi, mbwa yupo. Hafanyi kitu. Haokoi mtu, habweki adui, hafi kwa huzuni. Wataalamu wametoka jasho kumtafutia maana, wakati kisa chenyewe kinamtaja tu na kuendelea na safari. Yaani masimulizi ya kale kuliko riwaya yetu yote yaliweza kuwa na mbwa ambaye ni mbwa.

Karne ya 19 njia yetu hii ilipitiwa na mbwa wa aina nyingine. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871, akauona mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo chini ya milima, ule uliochukua jina la binti yake Simbamwene. Alikuwa na mbwa wa ulinzi kutoka Bombay, na mbwa huyo alimwita Omar. Alifia njiani. Jina hilo lipime mwenyewe, ukikumbuka kwamba katika msafara ule walikuwemo Waislamu waliolala jirani na mbwa aliyebeba jina la Khalifa. Miaka mitano kabla ya hapo, David Livingstone, Mskoti wa kweli, alitoka pwani ya kusini kupitia Ruvuma akiwa na mbwa mdogo mwenye manyoya ya kujisokota, aliyeitwa Chitane. Januari 1867, mbali huko ambako leo ni Zambia, walivuka kinamasi kirefu, na Chitane akazama. Livingstone aliandika kifo hicho kwa uchungu kwenye daftari lake la safari.

Nikisoma habari hizi sioni tu wazungu na mbwa wao. Naona masharti ya matembezi. Ili mtu atembee akimtazama mbwa, lazima mzigo uwe juu ya kichwa cha mtu mwingine. Wapagazi waliovuka kinamasi kile walibeba vitu vya Livingstone. Macho yao yalikuwa kwenye miguu. Mbwa alipata jina na kumbukumbu, wapagazi wengi hawakupata. Kwa hiyo mtu akiniambia insha ya kilima na mbwa ni anasa ya wenye nafasi, ana hoja nzito, na ushahidi wake umepita mlangoni kwetu.

Ila hoja hiyo haimalizi kazi. Turudi Uskoti kwenyewe. Kabla insha hizi hazijawa za watu wa mjini wenye viatu vya kupandia milima, alikuwepo James Hogg, aliyezaliwa 1770, mchungaji wa kondoo wa Ettrick aliyekuja kuwa mwandishi. Hogg aliandika juu ya mbwa wake Sirrah. Usiku mmoja wanakondoo wapatao 700 walitawanyika gizani kwa makundi matatu. Watu wakahangaika milimani hadi alfajiri, wakakata tamaa, kisha wakamkuta Sirrah amewakusanya wote bondeni, hakupungua hata mmoja. Huyo si mbwa wa burudani. Ni mfanyakazi mwenza. Mapenzi ya Waskoti kwa mbwa wa kilimani yaliota kwenye kazi, na burudani ikaja baadaye ikakalia kiti hichohicho. Hata Nan Shepherd, aliyeandika The Living Mountain wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kukiacha kabatini hadi kikachapwa mwaka 1977, hakwenda milimani kuhesabu vilele. Anachosisitiza ni kuingia mlimani, kama unavyoingia nyumbani kwa mtu, badala ya kuukwea na kushuka na ushindi.

Ukishaona hivyo, swali linageuka. Haliwi tena "kwa nini sisi hatuna matembezi yao?" Linakuwa: sisi tunatembeaje na mbwa kilimani, na nani ameandika?

Kwa sababu watu wanatembea. Mimi nakaa Mzinga. Kwa wasioijua, ni kata ya Manispaa ya Morogoro, upande wa Bwawa la Mindu. Wengi wakisikia jina wanafikiria shirika la jeshi, wengine mizinga ya nyuki, na vijana wanafikiria kupigwa mzinga, yaani kuombwa hela. Kuna Mto Mzinga pia, unaotoka Uluguru na kumwaga maji yake Mindu, ambako mji unakunywa. Nyuma ya nyumba za mwisho udongo ni mwekundu na una ulanga, unameremeta jua likiupiga, halafu vilima vinaanza: mihogo, mbaazi, mahindi, migomba kwenye mikunjo yenye maji. Asubuhi na jioni utaona watu wakipanda huko na mbwa. Si wengi, lakini wapo.

Kuna mzee mmoja ambaye nilimfuata siku moja, kwa sababu za uhakiki kabisa, kama kuna kitu cha namna hiyo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unaenda wapi huku?"

"Natembea tu."

"Unatembea tu?" Akanitazama miguuni. "Basi twende. Sisi tunaenda kuangalia mahindi."

Sisi. Pale hapakuwa na mtu mwingine. Kulikuwa na yeye na mbwa mmoja mwekundu, mbavu zinahesabika, sikio moja limekatika, jina lake Simba kama mbwa nusu wa nchi hii. Nikamuuliza mbona hamfungi kamba. Akasema, "Nikimfunga atanijulishaje?" Ngedere wakiwa shambani, mbwa anajua kabla yake, nguruwe pori wakiwa wamepita usiku, mbwa anamwonyesha wamepita wapi. Kote njiani mzee hakuongea naye wala hakumshika kichwa. Lakini Simba akisimama, naye anasimama. Juu shambani alikata kipande cha muhogo wa kuchoma, akala nusu, nusu akaitupa chini pembeni yake bila kuangalia.

Mimi nimefundishwa kuhakiki kwa dhamira na ujumbe, kama wengi wenu. Nikimpeleka Simba darasani najua kitakachotokea. Mbavu zake zitakuwa ishara ya umaskini wa vijijini. Sikio litakuwa ukoloni. Nusu ya muhogo itakuwa ujamaa. Si kwamba majibu hayo ni ya uongo. Ni kwamba ukishayatoa, mbwa ameondoka chumbani, na mzee naye ameondoka, imebaki mada. Ndicho kinachotokea kwa wanyama wote wa vitabu vyetu: tunawauliza mnawakilisha nini, hatuwaulizi mnakwenda wapi.

Na nadhani tatizo linaingia hadi kwenye sarufi ya usimulizi wetu. Riwaya zetu zinapenda kiambishi cha -ka-. Akatoka, akapanda, akafika, akaona, akashuka. Ni kiambishi kizuri, kina mwendo wa askari. Kila tendo linasukuma lingine, na msomaji anajua anapelekwa mahali. Lakini matembezi na mbwa hayaendi hivyo. Mbwa akitangulia, akirudi, akinusa jiwe, akipotea kwenye mbaazi, akitokea nyuma yako wakati ulimtegemea mbele. Mzee akisubiri, akikohoa, akiendelea. Hiyo ni lugha ya -ki-, ya mambo yanayoishi kwa pamoja bila kumalizana. We jaribu kuandika ukurasa mzima wa kilima kwa -ka- peke yake, utafika juu haraka mno na hutakuwa umeona kitu. Jaribu kwa -ki-, na ghafla kuna mahali pa ulanga, pa kikohozi, pa sikio lililokatika. Lugha inayo nyenzo hiyo tayari. Wazungumzaji wa barazani wanaitumia kila siku wakisimulia jambo lisilo na mwisho. Ni sisi wa kuandika tunaoitumia kama mapambo tu kati ya tukio na tukio.

Najua kuna atakayesema: nchi ina matatizo, na wewe unataka insha za mbwa. Hoja hii ina heshima yake. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 fasihi ilipewa kazi ya kujenga taifa, na waandishi wetu wakubwa waliifanya, wengine kwa kulisifu Azimio, wengine kwa kulipinga. Sitaki kuwavua kazi hiyo. Ninachosema ni kwamba yule mzee naye ni taifa. Ukimwandika pale tu anapogoma, anaponyang'anywa shamba au anapohamia mjini, umemwandika kwa saa chache za maisha yake. Saa nyingi zilizobaki yuko njiani, kilimani, akisimama mbwa anaposimama. Wale waliokataa matuta mwaka 1955 walikataa kwa sababu kilima walikijua kwa miguu, kila mteremko na maji yake. Ujuzi huo haukuzaliwa siku ya ghasia. Ulizaliwa asubuhi za kawaida, na hizo ndizo ambazo fasihi yetu imeziruka. Ndo maana tukiwasoma Waluguru vitabuni tunawakuta na hasira, hatuwakuti na ujuzi.

Kwa hiyo siombi tuige Uskoti. Insha ya bwana mwenye mapumziko akimpeleka mbwa wake matembezini ikihamishiwa Uluguru ilivyo itakuwa uongo, na wasomaji watauona. Naomba iandikwe ya kwetu, ambayo ndani yake kuna mahindi ya kuangalia, kuna ngedere, kuna hofu ya kichaa, kuna jirani anayenawa mbwa akimgusa na jirani asiyenawa, na kuna "sisi" inayomhesabu mbwa kama watu wa pangoni walivyohesabiwa na wao. Mwenye mfano ambao tayari umechapwa aniletee, nitausoma kwa furaha na kuuandikia.

Na kwa walimu wa fasihi wanaosoma hapa, jambo moja la kujaribu wiki ijayo. Wapeni wanafunzi Adili na Nduguze, waambieni wale manyani huko walikotoka walikuwa mbwa, kisha waulizeni: kijijini kwenu, yupi kati ya hao wawili mnamwonea huruma? Msiwaulize anawakilisha nini. Mtoto wa Tanga mjini na mtoto wa Matombo hawatajibu sawa, na nadhani ubishi wao utawafundisha zaidi ya maswali ya dhamira tuliyozoea kuwapa.